Nilivyopalilia vitunguu vya mama mkwe

Jamani, mimi mtoto wa Nainokanoka, kule kwa wafugaji. Ng'ombe nawajua mpaka kikohozi chao, ila kitunguu nilikijua kwenye mchuzi tu. Juzi nikaenda Karatu kumposa Paulina. Mama yake akaguna, "Mfugaji jembe analijua? Haya, palilia kitalu changu cha vitunguu, ndipo tuzungumze."

"Mama, hiyo kazi ndogo!"

Nikaingia. Kila jani lenye harufu kali, ambalo ng'ombe asingeligusa, niling'oa nikatupa. Yale laini, mazuri, nikayaacha yapumue.

Mama akarudi kutoka sokoni. "Baba, vitunguu vyangu viko wapi?"

Nikamwonyesha yale majani laini niliyoyaacha, kwa madaha. "Hivyo hapo, mama. Vimenawiri!"

Akanishika mkono, akaunusa, kisha akaita, "Paulina! Njoo unuse vitunguu vyetu."