Sukari Imejaa Dukani

Juzi, katika duka moja hapa Mpanda, bibi mmoja kutoka Kakese aliweka kapu lake mlangoni, kama tulivyopanga foleni miaka ile ya uhaba, akaenda kukaa kibarazani. Hapakuwa na mteja mwingine.

"Bibi, kapu linamsubiri nani?" muuzaji alicheka. "Foleni zimekwisha. Sukari ipo, beba hata gunia!"

Bibi akainuka taratibu, akachukua kilo moja.

"Zamani kilo hii tuligawana kwa kikombe, nyumba nne. Sasa kila mtu ana yake, hakuna anayekuja kuniomba."

"Si ndiyo raha hiyo?"

"Chai ni tamu, mjukuu wangu. Ila nakunywa peke yangu."

Tuliomba maduka yajae, yakajaa. Majirani hatukukumbuka kuwaombea.