Bisibisi Sikioni

Mjomba wangu ni fundi wa injini za dizeli, na kazi yake huanzia sikioni. Huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini inayonguruma, akabana mpini sikioni na kufumba macho. "Nozeli ya tatu ndiyo mbovu," husema, na huwa kweli. Ndiyo maana mkewe alipoanza kulalamika kwamba siku hizi haitiki mpaka aitwe mara mbili, mjomba alinuna kutwa nzima. Fundi kiziwi atakula wapi?

Kisha muuguzi wa jirani akaleta gari lake gereji. Lilimjia mjomba kwa nyuma kimya kimya, akashtuka.

"Umelisukuma, dada?"

"Nimeliendesha. Ni haibridi, fundi: lina petroli na lina umeme, ndiyo maana halinywi mafuta mengi. Ila injini inatetemeka."

"Haya, liwashe."

"Limewaka. Taa hii hapa."

Mjomba akaweka bisibisi, akasikiliza. Akahamia sikio la pili. Uso ukamsawijika. Akaninong'oneza, "Wewe unasikia kitu?"

"Sisikii, mjomba."

"Usinifariji, mwanangu."

"Kweli. Gari limewaka, ila injini imelala."

"Nani kailaza?"

"Gari lenyewe. Betri ikijaa, huizima injini, ikipungua…" Nilikuwa nimesoma habari hizo, lakini alivyonikodolea macho, hata mimi zikanichanganya.

"Nilisema mimi!" mkewe akadakia kutoka mlangoni. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Mjomba aliinama tena na bisibisi yake. Ghafla injini ikaamka yenyewe. Aliruka, akagonga kichwa kwenye boneti.

"Naisikia! Plagi ya pili hiyo, inakosa—"

Ikanyamaza. Mjomba akaitazama bisibisi.

"Imezimika yenyewe," alisema polepole, "au nimezimika mimi?"

Plagi ya pili kweli ilikuwa mbovu, akaibadilisha. Muuguzi alishukuru na kuondoka bila mlio, nasi tukabaki tunatazama pale gari lilipokuwa. Mjomba hakufurahi. Alikwenda kwenye lori bovu la dizeli lililo pembeni, akaliwasha, akaweka bisibisi sikioni, akafumba macho muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Mkewe akamwita. Kimya. Akamwita tena.

"Naam! Nilikusikia tangu mara ya kwanza."

Mkewe akanitazama. Mimi nikatazama lori.