Niliulizwa kwetu ni wapi nikiwa ndani ya mtumbwi, nikajibu "Malvern"

Wakuu, nawasalimu wote. Wakubwa zangu shikamoni.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, sijawahi kufungua uzi. Niliishia shule ya msingi, kwa hiyo naandika polepole na kufuta sana. Ila haya nimeyaona kwa macho yangu, na kasia nimelishika kwa mikono hii. Sijaongeza chumvi. Ya baharini ilitosha.

Niko Johannesburg, Malvern, pale Jules Street.

Mama yangu ni msusi. Mimi nachora mabango. Vichwa vilivyosukwa kwenye milango ya saluni, mkate na maziwa kwenye kuta za spaza, yaani viduka vya mtaani, kazi kama hizo. Kwetu ni Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Tuliondoka nikiwa mdogo.

Hilo la Baraka nawaambia nyinyi kirahisi kwa sababu hamnioni. Huku mtaani silisemi. Tangu maduka ya wageni yalipovunjwa, mama alinipa sheria moja: "Fiston, wakikuuliza unatoka wapi, sema Malvern. Usiongeze kitu."

Kwenye teksi nalipa kimya, nashuka kimya. Na vile nina aibu ya kuzaliwa nayo, wala haikunipa shida.

Sasa, kuna dada anaitwa Thandi, anatufundisha kuchora kila Jumamosi kwenye ukumbi mmoja kule Berea. Siku moja akatuambia kuna wageni wamefika Durban. Ni wenyeji wa asili wa pwani ya Kanada, watu ambao mababu zao walikuwa pale kabla wazungu hawajafika. Wameleta mtumbwi wao kwa meli, wanataka kusafiri nao baharini kufuata pwani pamoja na vijana wa hapa. Atakayeenda, akirudi achore picha ya safari.

Nikanyoosha mkono. Mpaka leo sijui ulinyooka vipi.

Mama alipiga kelele saluni nzima ikageuka. "Uko na kichaa? Weye maji ya ndoo tu yakiwa baridi unalia, sasa unataka bahari?"

Wateja wakacheka. Nikainama.

Lakini asubuhi ya safari alinipaka mafuta kichwani kama mtoto, akaniombea mpaka basi likataka kuniacha, akanifungia mandazi ya kulisha mtumbwi mzima. Ndiye mama yangu huyo.

Wakuu, ule mtumbwi ni mrefu kama nyumba yetu na ya jirani mkiziunganisha. Umechongwa kwa gogo moja. Mbele una macho mekundu yaliyochorwa, na mimi mchora mabango niliyakagua nikaona aliyeyachora hakutetemeka mkono.

Nahodha wetu ni mama mmoja mnene, mcheshi sana, anaitwa Marlene. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtumbwi ni ndugu, usiuite boti. Ukiuita boti, unaruka majini na nguo zako.

Sipho wa Soweto, aliyekaa nyuma yangu, akauliza, "Sasa hii boti ikipinduka..." Hakumaliza sentensi. Tulimtoa majini akitema maji na kucheka. "Eish, mama huyu hana dogo!"

Kupiga kasia kulinipendeza kuliko nilivyodhani. Unamtazama wa mbele yako tu. Akiingiza unaingiza, akivuta unavuta. Ukitumia nguvu zako peke yako unawavuruga wote. Wageni wanaimba, sisi tunaitikia bila kuelewa maneno. Kwa mtu kama mimi hiyo ni raha, uko na watu na hakuna anayekudai maneno.

Mandazi ya mama yaliisha siku ya kwanza. Marlene alikula ya mwisho akaniuliza kama mama yangu ana nafasi ya mtoto mwingine.

Basi nikajua safari yote itakuwa hivyo. Kumbe bado.

Mwisho wa safari tulikuwa tunaingia ghuba ndogo iliyotulia, ambako wenyeji wa pale walikuwa wametupikia. Tunawaona kabisa, wamejaa mchangani, moshi wa nyama unatufikia. Marlene akasema tusimame.

Akatueleza kwamba kwao hakuna anayekanyaga pwani ya watu bila kuomba. Mtumbwi unasimama majini, makasia yananyanyuliwa wima ili wenye pwani waone hamkuja kwa vita. Kisha kila mmoja anapaza sauti, anataja jina lake, jina la mama yake, na kwao ni wapi. Kasia halishuki mpaka wa mwisho aseme.

Moyo wangu ulishuka mpaka chini ya mtumbwi.

Wakaanza kutoka mbele. Wengine walitaja mito, wengine visiwa. Ikafika kwangu. Mbele kuna watu wengi wasionijua, na mimi niambiwe nipige kelele kile nilichofundishwa kukificha.

Nikasema, "Fiston. Malvern. Jules Street."

Mtumbwi mzima ulicheka. Marlene hakucheka. "Huko ndiko unakolala, mwanangu. Hatujakuuliza unalala wapi."

Nikakaza macho kwenye mgongo wa aliye mbele yangu. Makasia yako juu, maji yanatuteremkia mikononi. Nyuma nasikia Sipho anapumua kama ng'ombe.

"Bra, kaka yangu, sema basi, mabega yanakufa!"

"Siwezi," nikamwambia.

"Huwezi nini? Mimi nimeshajua siku nyingi wewe si wa Malvern. Nani wa Malvern anaweka sukari nyingi kwenye chai vile? Sema tule!"

Wakuu, Kiingereza kilinitoroka chote. Ikatoka lugha ya nyumbani, tena kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Mimi ni Fiston, mtoto wa Mwavita, wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika! Hatukuja kwa vita! Tumechoka, tunaomba kushuka!"

Watu mchangani wakatazamana. Nikajua nimeharibu.

Kisha mama mmoja wa Kizulu pale mchangani, mwenye aproni, akanyanyua mwiko wake akajibu, "Ngena, mntanami!" Yaani ingia, mwanangu. Kiswahili hakijui hata kidogo, nilimuuliza baadaye. Alisema sauti ya mtoto aliyechoka haina lugha.

Sipho, ndiye aliyebaki wa mwisho, alisema lake haraka kama anakimbizwa, tukashusha makasia.

Nililia, wakuu. Nasingizia maji ya bahari lakini nililia.

Kurudi Johannesburg nikaanza picha kwenye ubao mkubwa nyuma ya saluni. Mtumbwi ulikaa vizuri. Makasia wima, kila mtu na sura yake, Sipho mdomo wazi. Lakini pwani ilinishinda. Kila nikichora watu mchangani wanakuwa kama vichwa vya mabango yangu, nywele nzuri, macho hayakuoni. Nikawafuta wote. Thandi alikuwa akiisubiri, nami nimebaki na mchanga mtupu.

Mama akaja kutazama, kitana kimekwama nywelani mwake.

"Hawa wananyanyua fimbo kwa nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza na nilichokisema kule, jina lake na la Baraka, mbele ya watu. Nilijua atagomba.

Hakugomba. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaitazama ile pwani muda mrefu.

"Sisi tulishuka Kigoma usiku," akasema. "Nilikuwa nimekubeba mgongoni. Hakuna aliyetuambia karibu."

Sikuwahi kusikia hilo maishani mwangu.

Akainuka, akafunga kitenge vizuri, akasimama mlangoni penye mwanga.

"Nichore mie pale. Mikono hivi. Na usininyooshe tumbo, niweke vile niko."

Nimemchora vile alivyo. Amesimama peke yake mchangani, mikono wazi, anatuita.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba kuna wakati kunyamaza kunakulinda, na mama hakukosea kunifundisha. Lakini mtu hawezi kukukaribisha kama hajui amkaribishe nani.

Nyinyi mlio ugenini, mkiulizwa kwenu wapi, huwa mnajibu nini? Semeni hapa chini. Mimi tayari nimesema.