Nepi za watu wazima, za zamani na za kisasa: nilivyomsingizia mama ugonjwa wangu

Wakuu mbukwenyi, ndivyo tunavyosalimiana huku Dodoma. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Watakaocheka najua wapo, chekeni tu.

Nimevuka hamsini, nafanya kazi wizara moja kule Mtumba. Nilifanyiwa operesheni ya tezi dume. Ilienda vizuri, ila mkojo ukabaki hauna breki. Nikikohoa unatoka, nikiinuka kwenye kiti ndiyo usiseme. Daktari akasema ni hali ya muda, nivae nepi huku nafanya mazoezi.

Mwanaume mzima, nepi. Hata kulitamka hilo neno niliona aibu.

Nikaenda duka la dawa la mtaani. Muuzaji ni dada tunayesali naye jumuiya moja. Nikaomba pampasi.

Akauliza, "Mtoto ana kilo ngapi, kaka?"

Nikababaika. Nikasema si za mtoto, ni za mama yangu, yuko Kongwa, hainuki kitandani.

Wakuu, mama yangu ni mzima. Muda huo namsingizia, yeye yuko shambani anapalilia karanga.

Dada akanionea huruma, akanipa nepi za mgonjwa wa kulala. Zile za mtindo wa zamani: nje nailoni, pembeni gundi za kubandika, ndani pamba. Aliyelala zinamfaa, maana hatembei na kuna mtu wa kumbadilisha. Mimi nikawa naenda nazo ofisini.

Nailoni inapiga kelele kama mfuko wa rambo. Joto la Dodoma mnalijua, mapaja yakababuka. Gundi ikipata jasho inaachia. Pamba ikilowa inajikusanya bonge katikati, mkojo unaofuata unajipitia pembeni.

Siku moja kwenye meeting nilisimama kuchangia, nikahisi kitu cha moto kinashuka mguuni. Na suruali ilikuwa ya kijivu. Nikajimwagia maji ya chupa makusudi, nikajifanya imeniponyoka. Bosi akasema, "Pole mzee." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Na bado sikusema ukweli. Nilirudi kununua zile zile. Dada akiuliza hali ya mama, najibu, "Hivyo hivyo tu, tumwombee."

Basi wakamwombea kweli. Jumamosi moja mwenyekiti wa jumuiya akanipigia. "Kaka, tuko njiani kwenda Kongwa kumwona mama. Hatukutaka kukusumbua, kuna mwenzetu kwao ni huko huko, atatuonyesha nyumba."

Kumjulia hali mgonjwa hakuhitaji mwaliko, mnajua wenyewe. Nikampigia mama, hapatikani. Nilikaa sebuleni narudia kupiga, nikajichukia.

Jioni mama akapiga. Hata salamu yangu hakuipokea.

"We baba, natoka shambani nakuta watu uani wameshusha mchele na sukari, wanauliza mgonjwa yuko wapi. Nikajua kuna jambo lako. Nikawaambia mgonjwa ni mimi, leo nimepata nafuu kidogo. Nimelala mchana kweupe, wakaniombea nipone ugonjwa wa mkojo. Haya, sasa niambie unaumwa nini."

Nililia, wakuu. Nikamweleza yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Wiki iliyofuata nikaenda duka jingine katikati ya mji. Nikasema ni zangu, natembea, nakaa ofisini kutwa. Wakaniuliza size ya kiuno, basi.

Hizi za kisasa unavaa kama chupi. Kitambaa laini kinapitisha hewa, ndani kuna kitu kinachogeuka jeli kikilowa, mkojo haurudi juu. Lastiki inashika mapajani. Kelele hakuna. Meeting nakaa mpaka mwisho. Ubaya wake, kubadilisha lazima uvue suruali yote, na sakafu za vyoo vya ofisini mnazijua. Kwa mgonjwa wa kitandani, za gundi bado ndizo rahisi.

Nilichojifunza: ukienda kununua, sema ni za nani na anashindaje. Ukidanganya utapewa za mtu mwingine, nawe utazivaa.

Ila yangu hayajaisha. Jumuiya wamesikia mama ameonekana gulioni anatembea mwenyewe, wanasema sala zimejibiwa. Jumapili hii wanakuja kwangu kwa sala ya shukrani, na mama ameitwa atoe ushuhuda.

Mama anasema nisijali, atasimama aseme amepona. Mwanamke wa umri ule, rozari haitoki mkononi, adanganye mbele ya Mungu kwa ajili ya suruali yangu. Nimemkatalia. Nitasimama mimi.

Tatizo kila nikipanga maneno, sentensi ya kwanza inanishinda. Wakuu, aliyewahi kusema jambo la aina hii mbele za watu na mama yake amekaa pale anamtazama, ulianzaje?