Kifuniko cha Piano

Naikumbuka piano ya mwalimu wetu pale Vuga, miaka ya hamsini, mbao zimevimba kwa hewa ya chumvi. Benchi nikigawana na mtoto wa miaka sita mwenye hali ya kuzaliwa nayo, ya kuchelewa kujifunza, ambayo siku hizi huitwa Down.

Alasiri moja bibi yake alikuja kumwondoa.

“Tunakuchosha bure, mwalimu. Huyu hafahamu kitu.”

Mimi nikapiga kwa mbwembwe, bibi anisikie. Ikaadhiniwa, nami naendelea. Mtoto akaiondoa mikono yangu taratibu, akafunga kifuniko, akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha. Adhana ilipokwisha akafungua, akaendeleza kwa kidole kimoja pale pale nilipoachia.

Bibi akajitengeneza buibui. “Kesho aje saa ngapi?”

Mpaka leo, nikisikia mtu anaambiwa hafahamu, hutazama kwanza mikono yangu iko wapi.