Fotomita Nyumbani kwa Mama

Kazi ya kupima vumbi na moshi wa angani niliisomea kaskazini ya mbali, ambako wakati wa baridi jua huchungulia tu na kwenda zake. Nilirudi Arusha nikilipenda jua kuliko mjusi. Nilipoambiwa nitafute mahali pa kusimika fotomita, kifaa kinacholifuata jua kutwa na kupima mwanga uliozuiwa na vumbi, sikuhangaika. Nilikisimika Akheri kwa mama, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kando ya vichanja vya kuanikia kahawa, ambako kivuli cha migomba hakifiki.

Vipimo vilinifikia ofisini Elerai kwa mtandao. Siku za kazi, safi kabisa. Jumapili asubuhi, hakuna kitu.

Mara ya kwanza nililaumu mawingu ya Meru. Mara ya pili nilipanda kwenda kuangalia. Mchana huo kifaa kilikuwa kizima, na mama amepika loshoro, mahindi yake ya maziwa mgando. Nikala, nikashuka. Wiki iliyofuata, pengo tena, nikapanda tena. Safari hii ndizi nyama. Nilibadilisha betri, nikafuta lenzi, nikawatukana nyani wasio na hatia. Bosi akachoka: pengo moja zaidi, kifaa kinahamishiwa mkoa mwingine. Roho iliniuma.

Jumapili baada ya onyo hilo nilipanda kabla ya ibada. Nikamkuta mama juu ya kigoda, kavaa gauni la kanisani, anakifunika kifaa kwa kitenge.

“Mama! Unafanya nini?”

“Shikamoo iko wapi?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Nakipumzisha. Leo siku ya Bwana.”

“Hakifanyi kazi, mama. Kinatazama tu.”

“Kumbe unalipwa kwa kutazama!”

Nilicheka, japo hasira zilikuwa zimenipanda. Nikamweleza habari ya kuhamishwa. Akashuka polepole.

“Wakikihamisha, Jumapili utakwenda huko huko?”

“Ndiyo.”

Akakivua kitenge, akakikunja. “Ulisema mwenyewe kikisimama utakuja. Kikiwa kizima nakusikia kwenye simu tu.”

Nikampokea kitenge. Tukaenda ibadani pamoja.

Jumapili iliyofuata vipimo vilitiririka tangu asubuhi. Nikapanda. Mama akatoka jikoni mikono imejaa unga, uso umemshuka.

“Kimeharibika nini tena? Mimi sijakigusa!”

“Hakuna kilichoharibika, mama.”

Alikung'uta unga mikononi. Kisha akarudi jikoni, nikamsikia akiongeza ndizi sufuriani huku akiimba.