Chupa ya Dawa ya Macho

Mume wa mshonaji alikuwa na presha ya macho, na kila jioni lazima atiwe tone la dawa. Mshonaji, ambaye ndiye mke mkubwa, alikaa na chupa makusudi, ili hata zamu ya mke mdogo bwana apite kwake kwanza, alaze kichwa mapajani pake.

Leo mvua ilimzuia bwana kwa mke mdogo. Mshonaji akanuna: akome! Kisha akakumbuka onyo la daktari kwamba nuru ikipotea hairudi. Akajifunika nailoni, akaenda kugonga.

"Dada, mvua yote hii! Lete nimtie mimi," mke mdogo akasema.

"Wewe mtilie chai. Hebu nipishe."

Akamtia tone, akamfuta shavu taratibu mwenzake akitazama, na chupa akaondoka nayo.